Kufundisha Kiingereza Ng'ambo: Aliyejifunza Ndiye Aijuaye Njia

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo vijana wengi wanaomaliza masomo huniuliza, kwa kuwa katika ofisi ninayofanyia kazi hupita vyeti vya watu wanaotaka kwenda nje. Swali lenyewe ni hili: je, kijana wa Kitanzania aweza kwenda Hispania, au Mexico, au Colombia, akafundisha Kiingereza? Wanaouliza huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba kitu kisichokuwa haki yao. Husema, "Kaka, sisi wenyewe Kiingereza cha kusomea tumekikuta Kidato cha Kwanza, tutamfundisha nani?" Nia yangu leo ni kulijibu swali hilo kwa ukweli, bila ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwanza, kazi ipo. Kihispania ni lugha ya nchi zipatazo 20, na wanaoizungumza tangu utotoni wanakaribia milioni 500. Katika nchi hizo Kiingereza hakisikiki sokoni wala nyumbani, hupatikana darasani. Hispania yenyewe zamani ilifundisha zaidi Kifaransa katika shule zake, kisha Kiingereza kikachukua nafasi hiyo. Mwaka 1996 Wizara ya Elimu ya huko ilipatana na British Council, zikaanzishwa shule za serikali zinazofundisha baadhi ya masomo kwa Kiingereza, na mwaka 2004 jimbo la Madrid likaanza mpango wake. Mwaka huo huo wa 2004 Colombia ilitoa mpango wa taifa wa lugha mbili, na Chile nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilianza kuita watu wa kujitolea kutoka nje wasaidie katika shule za serikali. Tena tusisahau Afrika yetu: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Hispania mwaka 1968, ni nchi ya Kihispania, na makampuni ya mafuta ya Marekani yalipoingia huko miaka ya 1990, Kiingereza kikawa lugha ya kutafutia ajira.

Pili, lazima niseme kwamba mlango haukufunguliwa sawa kwa wote. Matangazo mengi ya kazi hizi husema wazi kuwa anatakiwa mtu aliyezaliwa katika lugha hiyo. Mpango wa serikali ya Hispania wa wasaidizi wa darasani huchukua vijana kutoka nchi maalumu, kama vile Marekani, Uingereza, Canada na Ufilipino. Hivyo kabla hujajaza fomu yoyote, soma orodha ya nchi ya mwaka huo. Lakini litazameni jina hilo la mwisho. Wafilipino wengi wana lugha zao za nyumbani, na Kiingereza wamekipata shuleni kama sisi. Maana yake ni kwamba hata serikali inayochagua kwa orodha imekubali kuwa aliyejifunza lugha aweza kuifundisha.

Nami nasema zaidi ya hapo: katika mambo mengine huyo ndiye afaaye zaidi. Mtu aliyezaliwa na lugha huijua kama anavyojua kutembea; mwulize anatembeaje, hana jibu. Sisi tulipita njia hiyo kwa kujikwaa, na kila jiwe tunalikumbuka. Nitatoa mifano michache.

Mhispania akitaka kutaja umri wake husema "tengo veinte años", yaani "nina miaka ishirini". Kwa hiyo akianza Kiingereza husema "I have twenty years". Ni nani kati yetu asiyelijua kosa hilo? Kwetu pia miaka ni kitu anachokuwa nacho mtu. Mhispania ana irabu tano, a, e, i, o, u, na anazitamka karibu kama sisi. Ndiyo maana "ship" na "sheep" kwake ni neno moja, kama yalivyokuwa kwetu mpaka mwalimu alipotusimamisha mbele ya ubao. Neno likianza na "s" ikifuatwa na konsonanti, yeye hutanguliza "e", akasema "Espain" na "eschool". Sisi tuna dawa yetu ya kuingiza irabu katikati, tukapata "sipringi". Neno lake "su" ni wake, awe mwanamume au mwanamke, kwa hiyo "his" na "her" humchanganya, kama "wake" ya Kiswahili ilivyotuchanganya sisi. Husema pia "no tengo nada", yaani "sina chochote", akaona ni sawa kukanusha mara mbili katika Kiingereza.

Lakini si kila kosa lao ni letu. Sisi "the" huisahau. Wao huizidisha, husema "the life is hard", kwa kuwa lugha yao hutaka hivyo. Tena wana maneno yanayofanana na ya Kiingereza lakini maana zake ni mbali: "embarazada" si mwenye haya, ni mja mzito, "éxito" si mlango wa kutokea, ni mafanikio. Mwalimu asiyejua Kihispania hata kidogo hataelewa kwa nini darasa limecheka. Kwa hiyo anayekusudia kwenda na aanze kujifunza lugha yao akiwa hapa hapa. Haitakuwa ngeni kabisa kwake: Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania, walituachia pwani maneno kama meza, bendera na mvinyo, na Mhispania husema "mesa", "bandera" na "vino".

Tatu, kujua lugha si kujua kufundisha. Aliyesoma ualimu anajua azimio la kazi na maandalio ya somo. Asiyesoma na atafute cheti. Kile kinachojulikana zaidi ni CELTA cha Cambridge, chenye masaa yasiyopungua 120, na ndani yake masaa sita ya kufundisha wanafunzi halisi huku unatazamwa. Fahamuni pia vipimo vya Baraza la Ulaya, vilivyotolewa mwaka 2001, kuanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea, maana wanafunzi wa huko huja kwako wakitaka kushinda mtihani wa ngazi fulani. Aliye Kidato cha Pili leo naye ana kazi ya kufanya: kusoma vitabu, kuandika insha, na kuzungumza Kiingereza bila ya kuogopa kuchekwa.

Nne, karatasi. Hapa ndipo vijana wanapoliwa. Wapo mawakala wanaotoza fedha nyingi na kuahidi kazi, kisha humpa mtu viza ya utalii na kumwambia mambo mengine atayamaliza mbele ya safari. Msikubali. Kufanya kazi kwa viza ya utalii ni kuvunja sheria, na siku ya kukamatwa wakala hayupo. Mexico, mwajiri mwenyewe lazima awe ameandikishwa kwa wakuu wa uhamiaji ndipo aweze kumwita mgeni. Hispania, njia iliyo nyofu kwa wengi ni kwenda kusoma chuoni. Tangu mwaka 2022 sheria inamruhusu mwanafunzi wa chuo kufanya kazi hadi masaa 30 kwa juma. Vyeti vithibitishwe kabla ya kuondoka, na tafsiri yake ifanywe na mfasiri anayetambuliwa na serikali ya nchi unayokwenda. Mwajiri wa kweli hutuma mkataba. Haombi ada ya kumwajiri mtu.

Wala msitazamie utajiri. Madarasa mengi ni ya jioni, wanafunzi wakitoka shuleni au kazini, na katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini mshahara hulipwa kwa fedha ya huko, ukatosha chumba, chakula na nauli. Faida kubwa ni nyingine: lugha ya tatu au ya nne, na uzoefu wa kusimama mbele ya watu wasiokujua hata wakakuamini.

Ndugu zangu wanafunzi, mmekuwa mkidhani kuwa kujifunza Kiingereza kwa shida ni aibu. Shida hiyo ndiyo mtakayoifanyia kazi. Mtoto wa Bogotá anayetamka "eschool" anamhitaji mtu anayejua kwa nini anakosea, na mtu huyo aweza kutoka katika madarasa haya. Na atakayekwenda asisahau kurudi, maana Kidato cha Kwanza cha hapa nacho kinamngoja mwalimu wa namna hiyo hiyo.