Damu Katika Choo Si Jambo la Kunyamazia
(Hotuba ya afya, sikukuu ya maadhimisho, Kabuta)

Wapendwa wa Nchelenge, wa Kilwa na Pweto ng'ambo, nanyi nyote mliovuka mipaka!

Leo nataja neno ambalo kanisani hatulitajagi: choo. Sisi wa kandokando ya Ziwa Mweru, mtu akiona damu chooni anasema, "Ni kichocho tu," ama "Ni amiba," ama bawasiri. Mara nyingi ni kweli. Kichocho cha tumbo huleta damu. Lakini sikiliza: umemeza dawa, umemaliza, na damu bado iko? Rudi kliniki. Usinunue dawa ileile mara ya tatu. Inawezekana ni saratani ya utumbo mpana.

Dalili zingine: kuhara au kufunga choo kwa wiki kadhaa, tofauti na kawaida yako, choo kuwa chembamba, tumbo kuuma bila kuacha, kukonda bila sababu, kuchoka kwa kupungukiwa damu. Ukiwa umepita miaka 45, ama mzazi au ndugu yako aliugua, usichelewe. Vijana nao hawakuachwa.

Unaanzia wapi? Kliniki ya karibu, kisha St Paul's pale Kashikishi. Munganga atapapasa tumbo, atapima damu na choo, ataingiza kidole chenye glavu kwenye njia ya haja kubwa. Usione haya, ni muda mfupi tu. Kipimo cha kuona utumbo wenyewe ni kolonoskopi: mpira mwembamba wenye kamera, baada ya utumbo kusafishwa kwa dawa ya kuharisha. Wakiona uvimbe, wanakata kipande kidogo kiende maabara. Hapo ndipo ugonjwa unajulikana. Kwa hiyo omba barua ya rufaa. Hospitali ya saratani iko Lusaka. Dar es Salaam iko Ocean Road.

Ugonjwa huu mara nyingi huanza na kinyama kidogo kisichouma, kinakaa miaka mingi kabla ya kugeuka. Ukikamatwa mapema, upasuaji unaweza kuuondoa. Pelé, mfalme wa mpira, ulimwondoa Desemba 2022. Hauogopi jina la mtu.

Je, kwenda hospitali ni kukosa imani? Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akasikia, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa, siku moja.

Mpendwa, tutakuombea. Nawe nenda ukapimwe. Amina.