Msaada Uanzie kwa Mama Mzazi



Nimeombwa niseme juu ya watoto wanaoasiliwa na watu wa nchi za nje. Nianze na jambo lililonipata. Mama mmoja mjane alifika ofisini kwangu na mtoto mgongoni. Hakuomba unga wala nauli. Aliuliza kama nawafahamu wazungu watakaomchukua mtoto huyo na kumsomesha. Nilipomwuliza kama hampendi mwanawe, alilia. Upendo alikuwa nao. Alichokosa ni chakula na kodi ya nyumba.

Kuasili mtoto ni kumfanya kuwa mwanao mbele ya sheria, mwenye haki zote za mwana. Ni tendo jema, na yako mataifa yanayowasaidia wanaolitenda. Tutazame Marekani. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 1996 huwapunguzia kodi wazazi walioasili, ili kufidia gharama za wakala, wakili, mahakama na safari. Mtoto akitoka nchi ya nje, nafuu hiyo hupatikana baada ya uasili kukamilika. Kwa mtoto wa namna hiyo, kiwango cha juu kilianza na dola 5,000. Kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 17,280. Tena, tangu mwaka huo, sehemu yake, isiyozidi dola 5,000 kwa mwaka 2025, yaweza kulipwa hata kwa mzazi asiyedaiwa kodi.

Silaumu msaada huo. Pasipo huo, mwalimu au fundi wa kawaida asingeweza gharama, na uasili ungebaki kuwa jambo la matajiri. Lakini haki inatudai tuulize: serikali ya mbali inamsaidia anayepokea mtoto, ni nani anayemsaidia yule anayemtoa kwa sababu ya ufukara?

Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993 unazihimiza nchi zitangulize juhudi za kumwezesha mtoto abaki katika familia aliyozaliwa. Kumpeleka nje ni kwa yule aliyekosa familia inayofaa nchini mwake. Aidha, unakataza ridhaa ya mzazi kupatikana kwa malipo.

Hapa Kenya, mwezi Novemba 2014, serikali ilisimamisha uasili wa watoto wetu na wageni, kwa hofu ya biashara ya watoto. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo, kufunga mlango hakupiki ugali. Tunao mpango wa ruzuku kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio katika shida, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004. Kaya hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi fedha hizo huchelewa. Dola 17,280 ni zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu, yaani ruzuku ya kaya moja kwa miaka zaidi ya themanini!

Kumbukeni habari za Musa. Binti Farao, mgeni kwa taifa lake, alimfanya mwanawe. Lakini kwanza alimlipa mshahara mama aliyemzaa, ili amnyonyeshe na kumlea. Hivyo msaada ulimfikia mama kabla mtoto hajaenda katika nyumba ya mfalme.

Basi, nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya izijue kaya zenye yatima na kuzisindikiza kwa chifu na kwa afisa wa watoto, zipate kuandikishwa. Pili, ruzuku ikichelewa, tuulize kwa sauti moja, wala tusimwachie mjane kuuliza peke yake. Tatu, mtu yeyote akija kutafuta watoto kwa ahadi za fedha, apelekwe kwa wenye mamlaka mara moja.

Mama yule bado yuko na mwanawe. Jumuiya yake ilichanga kodi ya miezi mitatu, naye akapata nafasi ya kuuza mboga sokoni. Halikuwa jambo kubwa, lakini lilitosha.