Ramani za Kale na Mipaka Ihamayo

Leo twataka kunena habari za ramani za kale, na jinsi zinavyotufunulia ya kuwa mipaka ya nchi huhama. Wengi hudhani kwamba mpaka ni kitu cha daima kama mlima. Sivyo. Mpaka ni mapatano ya wanadamu, na ramani ni shahidi wake. Na shahidi hana budi kuulizwa maswali.

Tuanze katika zama za kati. Mwaka 1154, katika kisiwa cha Sicily, mwanachuoni aitwaye al-Idrisi alimaliza kumtengenezea Mfalme Roger wa Pili ramani ya dunia. Aliigawa dunia sehemu saba toka kusini hata kaskazini, na kila sehemu akaikata vipande kumi, jumla vipande 70. Kusini aliiweka juu, kinyume cha desturi ya leo. Humo mna nchi ya Zanji, yaani pwani yetu, na nchi ya Sofala. Na barani mna Milima ya Mwezi, na maziwa yatoayo mto Nile. Lakini hata ukitafuta kutwa, huoni mistari ya kutenga ufalme na ufalme, kama tuionayo katika ramani za leo.

Mbona hivyo? Kwa sababu siku zile enzi ya mfalme ilikuwa watu waliomtii na kumlipa ushuru, wala haikuwa mstari juu ya ardhi. Kilwa ilipostawi, sultani wake aliishika biashara ya dhahabu ya Sofala, mbali sana kusini. Walakini barani, nyuma ya mji wake, amri yake haikufika mbali. Enzi ya namna hiyo hujaa na kupwa kama bahari.

Kisha walikuja Wareno. Ramani iitwayo ya Cantino, iliyochorwa Lisbon mwaka 1502, ina mstari mrefu katika bahari ya Atlantiki: ndio mgawanyo waliopatana Wahispania na Wareno mwaka 1494. Na katika pwani za Afrika mmechorwa bendera za Ureno. Kilwa yenyewe waliiteka mwaka 1505, nao wakaiacha mwaka 1512. Basi tujifunze hapa: bendera iliyochorwa katika karatasi si sawa na mji unaotawaliwa.

Sasa tuje kwetu, sisi tukaao Magu kando ya Ghuba ya Speke. Mwaka 1856 Wazungu walichapa ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, walioitengeneza kwa habari za wasafiri wa misafara. Ndani yake maziwa yetu makubwa yameunganishwa kuwa ziwa moja tu, kubwa ajabu. Speke aliufikia ufuko wa kusini mwaka 1858. Mwezi wa Machi 1875 Stanley alitweka mashua yake kutoka Kageye, papa hapa Magu, akalizunguka ziwa, akarejea mwezi wa Mei. Ndipo umbo lake lilipopata kujulikana katika ramani za Ulaya.

Na kitu kikisha kujulikana, huweza kugawanywa. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walipatana mpaka utokao pwani hata ufuko wa mashariki wa ziwa, penye digrii 1 kusini ya Ikweta. Mwaka 1890 wakauvusha mstari huo majini mpaka ng'ambo ya magharibi. Wajaluo na Wakuria wakajikuta huku na huku. Tena mwaka 1902 nchi ya Kisumu iliondolewa katika Uganda, ikatiwa katika nchi ambayo tangu 1920 yaitwa Kenya. Watu hawakuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliohama.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya karatasi tu. Ng'ambo ya ziwa mstari ule wapita kaskazini ya mto Kagera, ukiacha upande wa Tanzania ardhi iliyo kati ya mto na mstari. Mwaka 1964, huko Cairo, nchi za Afrika ziliazimia kuiheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. Lakini mwaka 1978 Idi Amin aliiteka ardhi hiyo, akadai ya kuwa mpaka ni mto. Vita vikawaka hata yeye akapinduliwa mwaka 1979, na watu wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mstari waliouchora wageni mezani ulilipiwa damu na wenyeji.

Basi, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siku mtu atakapokunjua ramani mbele yenu, iwe ya dola au ya kijiji chenu na kijiji jirani, muulizeni mambo matatu: Nani aliyeichora? Mwaka gani? Kwa kusudi gani? Kisha waiteni wazee wa pande zote mbili, waonyeshe kijito na mti wanaoujua. Ramani isiyo na tarehe isikate shauri lenu, wala kumbukumbu ya mzee mmoja isilikate peke yake. Pimeni ushahidi wote pamoja kabla mkono wa mtu haujashika panga.