Beni, Bendi na Majina Yasiyoandikwa: Kiswahili cha Wapiga Muziki wa Majeshi Jijini Dar es Salaam



Utangulizi

Naushukuru uongozi wa Chuo kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Huenda wapo waliotarajia kwamba mtu wa isimu angezungumzia ngeli, au mnyambuliko wa vitenzi, au ule mjadala wetu wa siku zote kuhusu usanifishaji. Nimechagua kuzungumzia matarumbeta. Naomba mnivumilie, kwa sababu nitafika kwenye isimu kwa njia hiyo hiyo.

Nililelewa Temeke. Katika utoto wetu hatukuhitaji kalenda ili kujua kwamba sikukuu ya taifa inakaribia. Tulisikia bendi ikifanya mazoezi: sauti ileile ya shaba ikirudiwa mara kumi, ikikatizwa, ikaanza tena. Tukajua kwamba msimu umefika.

Neno hili *msimu* lina historia yake. Limetokana na Kiarabu *mawsim*, na kwa watu wa pwani lilikuwa neno la pepo na majahazi: wakati ambao chombo huweza kuja, na wakati ambao huweza kurudi. Leo tuna msimu wa kilimo, msimu wa ligi na msimu wa maonyesho. Bendi za majeshi yetu nazo zina msimu wao, unaofuata kalenda ya taifa: 1 Septemba, siku ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, 9 Desemba, Uhuru, 12 Januari, Mapinduzi, 26 Aprili, Muungano, na 25 Julai, Mashujaa. Katika miaka ya karibuni baadhi ya sherehe hizi zimepunguzwa au kuhamishiwa mikoa mingine. Hata hivyo, mpuliza tarumbeta hawezi kuacha mazoezi kwa kuwa sherehe imeahirishwa, maana midomo yake ikilegea, kuikaza tena ni kazi ya muda mrefu.

Hoja yangu kuu ni hii: wapiga muziki wa majeshi ni miongoni mwa waundaji wa Kiswahili cha karne iliyopita, lakini sisi wataalamu wa lugha tumeyachukua maneno yao bila kuwaandika wao wenyewe. Nami nimo katika kosa hilo, kama nitakavyoeleza.

Neno moja, njia mbili

Kiswahili kiliikopa *band* ya Kiingereza mara mbili. Mara ya kwanza tulipata *beni*, na mara ya pili *bendi*. Beni ilikuwa ngoma iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika nzima baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vyama vyake vilijipanga kwa safu, vikavaa sare na kupiga matarumbeta na ngoma kubwa kwa namna ya bendi za kijeshi. Viongozi wake walijipa vyeo vya wafalme, majenerali na makanali. Hapa Dar es Salaam, Marini na Arinoti zilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo.

Ranger alionyesha jambo ambalo wengi hulisahau. Beni haikuwa uigaji mtupu wa Mzungu. Mashindano ya vyama vya ngoma yalikuwapo pwani kabla ya kuja bendi ya kikoloni, na beni iliivisha desturi hiyo vazi jipya. Maaskari walioachwa huru baada ya vita waliichukua ngoma hiyo pamoja na lugha yake hadi bara. Athari zake zilionekana katika *malipenga* na *mganda* huko Malawi, na katika *kalela* ya migodini Zambia, ambayo J. Clyde Mitchell aliichunguza katika kitabu chake cha 1956.

Kwa nini basi *beni*, na baadaye *bendi*? Hatuwezi kusema kwamba Kiswahili cha wakati ule hakikuweza kutamka *nd*. Tuna *ndugu*, tuna *kanda*, tuna *mwendo*. Kwa maoni yangu, tofauti imo katika njia ambayo neno lilipitia. Aliyelipokea kwa sikio, akiwa amesimama kandokando ya gwaride, hakuisikia *d* ya mwisho, kwa sababu Mwingereza mwenyewe huimeza. Aliyelipokea kwa jicho, kutoka katika tangazo au kitabu, aliiona *d* na akaitamka. Mfano mwingine wa neno la sikio ni *Keya*. Neno hili ni zile herufi tatu za kikosi cha King's African Rifles, zikasikiwa na kutamkwa na askari kama jina la kawaida. Vyombo vya leo tunavitaja kwa herufi zilizosomwa katika karatasi: JWTZ, JKT.

Lugha ya jeshi, kwa hiyo, ni tabaka juu ya tabaka. *Afande* asili yake ni Kituruki, na lilitufikia pamoja na askari kutoka Misri na Sudani. Jeshi la Wajerumani lilikuwa na *ombasha* na *shaushi*, vyeo vya Kituruki vilivyotumiwa na Mjerumani kumwamrisha Mwafrika. Vyeo hivyo vimekufa, na nafasi yake imechukuliwa na *koplo* na *sajini* wa Kiingereza. *Bendera* ni ya Kireno, na *tarumbeta* nalo linafanana mno na *trombeta* ya Kireno. Koplo anayepuliza tarumbeta mbele ya bendera anabeba karne kadhaa za historia katika sentensi moja, wala hana habari.

Kupiga

Chini ya mikopo hiyo yote kuna kitenzi chetu wenyewe: *kupiga*. Askari hupiga kwata, hupiga saluti, hupiga mizinga. Mwanamuziki hupiga ngoma, hupiga gitaa, hupiga buruji. Mswahili hakuona haja ya kutenganisha kazi hizi mbili. Anayefanya kwata na anayefanya muziki wote ni wapigaji.

Angalieni pia *mwendo*. Leo amri za gwaride letu hutolewa kwa Kiswahili: mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka, mbele tembea. Mtangazaji hutuarifu kwamba vikosi vitapita mbele ya jukwaa kuu kwa mwendo wa pole, kisha kwa mwendo wa haraka. Mwendo huo ni wa miguu na ni wa muziki kwa pamoja. Kiongozi wa bendi akiharakisha kidogo, kikosi kizima huharakisha. Kwa dakika hizo chache, mwanamuziki ambaye cheo chake pengine ni cha chini ndiye anayeiendesha miguu ya maofisa.

Jazz za majeshi

Mwaka 1964 ni mwaka wa pekee katika simulizi hii. Mwezi Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo iko Kinondoni. Tarehe 1 Septemba jeshi jipya, JWTZ, lilizaliwa. Kambi yenyewe ilibadilishwa jina. Colito lilikuwa jina la mahali pa vita nchini Ethiopia, walikopigana Keya. Jina jipya, Lugalo, likawa la mahali pale Uheheni ambapo jeshi la Mkwawa liliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Mwaka huohuo wa 1964 ilianzishwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka huohuo chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz. Jeshi jipya, taasisi ya lugha na bendi ya dansi iliyokuwa chini ya chombo cha umma vilizaliwa mwaka mmoja.

Baada ya hapo majeshi nayo yalipata bendi zao za dansi, mbali na zile za shaba. Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, Jeshi la Kujenga Taifa likawa na Kimulimuli, na Polisi wakawa na Polisi Jazz. Mpiga muziki aliajiriwa, akapewa sare, cheo na mshahara. Asubuhi aliweza kuwa katika gwaride, na usiku akawa jukwaani katika ukumbi wa dansi.

Kila bendi ilikuwa na *mtindo*, na jina la mtindo lilikuwa nusu ya sifa yake. Mwenge walikuwa na Paselepa, Polisi walikuwa na Vangavanga. Chombo cha dola, chenye jina zito la kiofisi, kilipoingia ukumbini kililazimika kutafuta jina la kuchezeka. Kimulimuli ni mdudu mdogo anayewaka gizani, na mwenge nao ni nuru ya gizani. Bendi mbili za watu wa bunduki zilichagua kuitwa kwa majina ya mwanga. Sijui kama kuna kamati ya istilahi ambayo ingeweza kufanya vizuri zaidi.

Kisha kuna maneno yaliyozaliwa mazoezini na jukwaani. Gitaa *hucharazwa*, au *hukung'utwa*, besi *huunguruma*. Saksafoni, ambalo ni jina la mtu wa Ubelgiji aliyeibuni ala hiyo, imepata jina la Kiswahili lisilohitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kuiona: *mdomo wa bata*. Tunafundisha darasani kwamba istilahi huundwa kwa kukopa, kutafsiri, kutohoa na kufananisha. Hapa tuna kufananisha kwa umbo, tena kwa ucheshi, na hakukuwa na semina.

Daftari langu

Sasa niungame. Mapema katika miaka ya 1980, nikiwa kijana wa kuruta katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, nilijuana na koplo mmoja mpiga tromboni. Jioni, baada ya fatiki, alikuwa akikaa nje ya ghala la ala akisugua shaba yake kwa kitambaa. Nilikuwa tayari nimeshapenda maneno, na nilikuwa na daftari. Nilimuuliza kila kitu, naye alinijibu kwa subira ya mwalimu. Nilipotamka *saksafoni* kwa madaha ya mtu aliyemaliza kidato cha sita, alicheka akaniambia kwamba jina hilo ni la kuandikia kwenye orodha ya ghala. Wao wenyewe walisema mdomo wa bata.

Daftari lile ninalo hadi leo. Maneno yamo, nimeyapanga kwa alfabeti, kila moja na maana yake na mfano wa matumizi. Pembeni nimeandika chanzo cha habari: "Koplo, tromboni."

Jina lake sikuliandika. Nilikuwa nikimwita Afande, na hiyo ilinitosha. Nimeyatumia maneno yake kufundishia vizazi vya wanafunzi. Nimejaribu baadaye kumtafuta, lakini utamtafutaje mtu kwa cheo na ala?

Nadhani kosa langu dogo lina sura ya kosa kubwa. Katika karatasi za jeshi, mtu huyu ni namba na cheo. Katika kanda za redio, mara nyingi nyimbo hutajwa kwa jina la bendi. Katika madaftari yetu sisi wanaisimu, yeye ni "mtoa taarifa". Kila chombo kimemhifadhi kwa namna yake, na katikati ya hifadhi zote hizo jina limeanguka. Kiswahili chenyewe kinamwita *mwanajeshi* na *mwanamuziki*: ni mwana mara mbili, na asiwe na jina hata mara moja?

Nimesikia hoja ya kwamba mwanajeshi hafanyi kazi kwa jina lake, bali kwa jina la kikosi. Ninaiheshimu hoja hiyo. Nidhamu ya bendi nayo haimruhusu mpigaji mmoja kusikika peke yake pasipo sababu. Lakini hata katika gwaride, jina la kamanda wa gwaride husomwa hadharani, na hakuna nidhamu inayovunjika.

Hitimisho

Kwa kuwa msimu mwingine unakuja, nina mapendekezo matatu. Hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, waandaaji wa sherehe waone uwezekano wa kusoma jina la kiongozi wa bendi baada ya jina la kamanda wa gwaride, na kuchapa majina ya wapigaji katika ratiba. Ni dakika moja na nusu ukurasa.

Pili, wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza wagawiwe kazi. Mitaa ya Kinondoni na Temeke, kuanzia jirani na Lugalo hadi Mgulani na Kurasini, wanaishi wastaafu waliopuliza na kucharaza katika bendi hizi. Kila mwanafunzi amtembelee mzee mmoja, kwa heshima na kwa ridhaa yake. Aandike maneno, lakini kabla ya neno la kwanza aandike jina la mzee huyo kama yeye mwenyewe anavyolitamka na anavyotaka liandikwe.

Tatu, kamusi zetu zisisubiri neno lichapishwe gazetini ndipo zilitambue. *Beni* liliingia kwa sikio. Mengi ya aina hiyo yangali hewani, nao wanaoyajua wanapungua kila mwaka.

Uwanja wa Uhuru, pale Temeke, ulianza kutumika mwaka 1961 kwa sherehe za Uhuru zenyewe. Watakapoingia tena wapigaji katika uwanja wowote wa nchi hii, wakiwa wamenyoosha mistari na shaba ikimetameta juani, nawaomba wanafunzi wangu wasimame karibu na safu ya nyuma, mahali walipo watu wa tromboni. Gwaride likishavunjwa, wamwendee mmoja wao, wamwamkie, wamuulize jina. Kisha ndipo wafungue daftari.