Wiki hii, tutazame Makala

Ndugu wasikilizaji wa Butembo na Beni, mega za intaneti ni ghali. Tusizimalize kwa filamu za risasi. Risasi tumezisikia vya kutosha. Tafuteni filamu Makala ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo Cannes mwaka 2017. Ndani yake, mwanakijiji Kabwita anakata mti, anachoma makala (makaa), anayapakia kwenye baiskeli na kuisukuma hadi Kolwezi, malori yakimtimulia vumbi usoni. Anatafuta mabati ya nyumba yake. Aliyewahi kusukuma chukudu kwenye vilima vya Butembo atausikia uzito ule mabegani. Na Kabwita anazungumza Kiswahili!

Kisha ipo Maman Colonelle ya Dieudo Hamadi: Kanali Honorine Munyole, kule Kisangani, akiwatetea wanawake waliobakwa. Hiyo ni ya wakubwa. Kwa Makala, waiteni watoto na majirani.