Konferensi, Televisheni na Kivuli cha NCAA



Kuna hoja inayojirudia kila mwaka katika tasnifu ninazosahihisha, na leo nataka nimalizane nayo. Inasema kwamba futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani inaendeshwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kama FIFA inavyoendesha kandanda. Kwa hiyo kila uozo wa mchezo huo, kuanzia wachezaji kunyimwa malipo hadi makocha kulipwa mamilioni ya dola, ni wa NCAA. Ni hoja nyepesi, na imewapotezea watafiti wetu miaka mingi wakimhoji asiye na majibu.

Asili ya chama hicho mnaijua: vifo vya viwanjani mwaka 1905, Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo Ikulu, mwaka uliofuata chama kikaundwa. Tusikae hapo. Tuulize: kombe ni la nani? Katika daraja la juu kabisa, FBS, NCAA haitoi ubingwa. Daraja linalofuata, FCS, lina bingwa wa NCAA. La juu halina. Bingwa wa juu hutokana na mchujo wa College Football Playoff, ulioanza msimu wa 2014 na timu 4, ukapanuliwa kuwa wa timu 12 msimu wa 2024. Wenye mchujo ni konferensi, yaani miungano ya vyuo, pamoja na Notre Dame, chuo ambacho futiboli yake haimo katika konferensi yoyote. Kamati ya watu 13 huamua nani anafaa. Mwaka 2023 Florida State ilishinda mechi zake zote 13, ikatwaa ubingwa wa konferensi yake, na bado kamati ikaiacha nje. Anayeamini kwamba NCAA ndiyo mtawala anionyeshe ni wapi Florida State ingepeleka rufaa yake huko.

Tuulize tena: nani anauza matangazo? Mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume ni mali ya NCAA, na ndiyo yanayoilisha. Futiboli ya juu huuzwa na konferensi. Mkataba wa konferensi ya Big Ten na televisheni za Fox, CBS na NBC, uliotangazwa mwaka 2022, uliripotiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Nani anaamua chuo kiwe konferensi gani? Chuo na konferensi yenyewe. Wala hakuna kupanda au kushuka daraja: Chuo cha Vanderbilt kimeshika mkia wa konferensi ya SEC misimu mingi na hakijatikiswa, kwa sababu kilikuwamo tangu muungano huo unazaliwa mwaka 1932. NCAA imebaki na kanuni za uwanjani, masharti ya usajili na adhabu, na hata hivyo mahakama zinazipunguza. Mwaka 2021, katika kesi ya Alston, iliyohusu ukomo wa mafao ya kielimu ya wachezaji, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliikatalia. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ukomo wa mwaka wa kwanza ukiwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo.

Basi mamlaka yaliondokaje? Jibu limo katika waraka mmoja ninaoupenda kuliko wote wa taaluma hii: hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 27 Juni 1984, kesi ya NCAA dhidi ya bodi ya Chuo Kikuu cha Oklahoma. Hadi wakati huo NCAA ndiyo iliyopanga matangazo yote ya televisheni. Timu haikuruhusiwa kuonekana zaidi ya mara 6 katika miaka miwili. Oklahoma na Georgia zilishtaki. Majaji 7 kwa 2 wakazipa ushindi. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alieleza kwamba mpango ule ulibana bei na kupunguza idadi ya mechi zinazotazamwa.

Humo ndani mna kisa ambacho nakisomesha kila muhula. Wikiendi moja ya mwaka 1981, Oklahoma ilicheza na USC, vigogo wawili, na televisheni ya ABC ikarusha mechi hiyo kwenye vituo zaidi ya 200. Wikiendi hiyohiyo The Citadel ilikutana na Appalachian State, na vituo 4 tu vikaonyesha. Timu zote nne zililipwa kiasi kilekile. Jaji wa mahakama ya chini alikiona kisa hiki kuwa kioja. Mimi naona ndipo penye uhai wa mfumo wote: mfuko mmoja, mgao sawa, mdogo akilindwa dhidi ya mkubwa.

Aliyeliona hilo ni Byron White, mmoja wa majaji wawili waliopinga. Si mtu wa kusimuliwa mchezo: alikuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Colorado, mwaka 1937 akawa wa pili katika tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, na mwaka uliofuata akaongoza ligi ya kulipwa ya NFL kwa yadi za kukimbia na mpira. White alisema wenzake wanauchukulia mchezo wa vyuo kama biashara ya kawaida. Alionya kwamba vyuo vichache vikipewa televisheni bila mipaka vitapata nguvu ambayo wengine hawataifikia, na mashinikizo ya kushinda kwa ajili ya fedha yatazidi malengo ya elimu.

Nilipokuwa masomoni katika majimbo ya kati ya Marekani, jirani yangu, fundi bomba mstaafu, alinialika kutazama mechi siku za Jumamosi. Alizima sauti ya televisheni, akafungua redio, maana alimtaka mtangazaji wa nyumbani. Ukutani alikuwa amebandika tiketi za mechi za chuo alichokishabikia dhidi ya mahasimu wao wa jimbo la pili, moja kwa kila mwaka, mpaka safu ilipokatika. Chuo kilikuwa kimehamia konferensi nyingine, na mechi ile ikafa. “Hakuna aliyetuuliza,” aliniambia. Tangu siku hiyo sijaweza kuisoma kesi ya 1984 kama suala la bei tu.

Najua yanayoweza kusemwa dhidi ya White, na yana uzito. Mpango alioutetea uliwanyima watazamaji mechi nyingi. Uridhaa aliousifu uliwaacha vijana, wengi wao weusi, wakijaza viwanja bila mshahara. Na NCAA haikuwa mlinzi wa wanyonge kwa moyo safi. Yote nayakubali. Lakini dawa ya mgao mbaya ilikuwa kuwaingiza wachezaji katika mfuko wa pamoja. Kilichofanyika ni kuuvunja mfuko wenyewe. Tazameni Pac-12, muungano wa pwani ya magharibi wenye historia ya tangu 1915. USC na UCLA zilitangaza kuhamia Big Ten mwaka 2022. Hadi 2024 vyuo 10 kati ya 12 vilikuwa vimeondoka. Stanford na California, vilivyo jirani na Bahari ya Pasifiki, sasa vimo katika Atlantic Coast Conference. Oregon State na Washington State vilibaki peke yavyo, navyo havikuwa na kosa lolote zaidi ya kukosa soko kubwa la televisheni. Hakuna kikao cha NCAA kilichoamua hayo, na hakuna ambacho kingeweza kuyazuia.

Wanafunzi wangu, nawaomba jambo moja. Kabla hamjaandika tena kwamba NCAA inaendesha futiboli ya vyuo, fungueni juzuu la 468 la hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani, msome maoni ya White hadi mwisho, kisha mziandike upya sura zenu za kwanza.