Swali la Mwanafunzi na Kukua kwa Mwalimu wa Sayansi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa sayansi wa shule za sekondari)





Tunawashukuru waandaaji wa semina hii kwa heshima waliyotupa ya kuzungumza mbele ya watu waliosimama ubaoni wiki nzima, na ambao kwa haki kabisa wangeweza kuwa wamepumzika majumbani mwao leo. Tumeombwa tuseme juu ya mbinu za kufundishia sayansi na juu ya njia za mwalimu kujiendeleza katika kazi yake. Mada hiyo ni pana mno. Tumeona afadhali tuishike kwa upande mmoja tu, nao ni huu: mwalimu hufanya nini anapoulizwa swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake?

Tuanze na kisa kilichotokea hapa hapa nchini, ambacho wengi wenu mmekisikia lakini pengine hamkupata kukitazama kwa jicho la mwalimu. Mwaka 1963, ilipokuwa bado Tanganyika, kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akisoma kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa finyu. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha kabisa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu akakuta yake yamekwisha kuganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akaenda kwa mwalimu wake wa fizikia kumwuliza sababu. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, na kufundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, kijana akauliza tena, na safari hii mwalimu mwingine akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, wenzake walimwambia kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Ndugu walimu, tunaomba tusiharakishe kumlaumu mwalimu yule. Alikuwa na kanuni mkononi, alikuwa na muhtasari wa kumaliza, na pengine alikuwa na wanafunzi wengine thelathini wakimngoja. Ni nani kati yetu hajapata kusema maneno ya namna ile? Sisi tunaozungumza nanyi tumeyasema. Msichana mmoja wa kidato cha pili alituuliza kwa nini kioo hugeuza kulia na kushoto lakini hakigeuzi juu na chini. Hatukuwa na jibu. Tukamwambia asome kwanza yaliyomo katika kitabu. Alikaa chini, na hatukumbuki kumsikia akiuliza jambo jingine mpaka mwisho wa mwaka. Jibu tulilipata miaka mingi baadaye, nalo ni jepesi: kioo hakigeuzi kulia na kushoto hata kidogo; hugeuza mbele na nyuma, na sisi ndio tunaojifikiria tumezunguka kwenda kusimama upande wa pili. Lau tungalitoka naye nje na kioo kimoja na karatasi yenye maandishi, tungaliliona pamoja.

Turudi kwa Mpemba. Akiwa huko Mkwawa, alilijaribu jambo lake mwenyewe katika maabara kwa bikari mbili ndogo, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto. Kisha akaja mgeni kuzungumza na wanafunzi, Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza: maji ya ujazo sawa, mengine yakiwa na nyuzi joto 35 na mengine nyuzi 100, yakiwekwa pamoja katika jokofu, kwa nini yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka kama kawaida yao. Osborne naye aliona kwamba jambo hilo halielekei kuwa kweli. Hata hivyo hakulikataa, akaahidi kwamba atakaporudi Dar es Salaam atalijaribu. Akamwagiza fundi wa maabara alifanye jaribio lile. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wangeendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, kwa majina ya wote wawili, mwanafunzi na mwalimu.

Sasa iko sehemu ya pili ya kisa hiki ambayo wasimuliaji wengi huiacha, na kwetu sisi ndiyo yenye mafunzo zaidi. Mpaka leo wataalamu hawajaafikiana. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kutafuta maelezo ya jambo hilo, na majibu yapatayo 22,000 yakapokelewa. Lakini mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walichapisha matokeo ya majaribio yao, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, na kwamba hata kukiinua au kukishusha kidogo kipimajoto ndani ya maji kwaweza kuleta matokeo ya kudanganya.

Basi huenda mtu akasema: kumbe yule mwalimu wa Magamba alikuwa na haki! Sisi tunasema hapana, na tungependa mlipime neno hili kwa insafu. Kutia shaka ilikuwa haki yake, na hata Osborne alitia shaka. Kosa lilikuwa kuufunga mlango pasipo kwenda kwenye jokofu lililokuwa pale pale shuleni, likingoja. Jaribio lilihitaji vikombe viwili na saa mbili za subira.

Wala tabia hii ya kwenda kutazama si ya kigeni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Misri, alizishika hoja za Ptolemy, mwanachuoni aliyeheshimiwa kwa karne nyingi, akaandika kitabu kizima cha kuzitilia shaka. Katika kazi yake juu ya nuru alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaona kila taa inatoa doa lake la mwanga ukutani. Akaiziba moja, na doa lake peke yake likatoweka. Akajua kwamba miali hukatizana katika tundu bila kuchanganyika. Huhitaji maabara kwa jaribio hili. Tumelifanya kwa sanduku la karatasi ngumu lililotobolewa kwa msumari upande mmoja, na upande wa pili tukaweka karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, kisha mishumaa mitatu.

Hapa ndipo mbinu inapoingia. Mwalimu akiwasha mishumaa na kueleza kila kitu mwenyewe, amefanya mazingaombwe, na wanafunzi wataondoka wakiwa wamefurahi tu. Kabla ya kuziba mshumaa, kila mwanafunzi na aandike anachotarajia kukiona. Aandike, asiseme tu, kwa sababu aliyesema hubadilisha neno lake upesi. Kisha watazame. Kisha wabishane kwa nini walichokiona kimetofautiana na walichokiandika. Mtoto aliyejiona amekosea kwa mkono wake mwenyewe hasahau.

Na wabishane kwa lugha ipi? Mtoto wetu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta sayansi inafundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi ukimya wake tunaudhania ni ujinga. Kwa maoni yetu, mabishano ya vikundi na yafanyike kwa lugha ambayo mtoto anaweza kubishania, na hitimisho liandikwe kwa Kiingereza ambacho mtihani unakitaka. Istilahi zipo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, na yafaa kitabu hicho kiwe mezani mwa mwalimu badala ya kufungiwa kabatini.

Jambo jingine halina gharama kabisa. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza masomo mengi yaliyonaswa katika kanda, akagundua kwamba walimu wakiuliza swali hungoja kama sekunde moja tu, kisha humwita mwingine au hujibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, waliozoea kunyamaza walianza kusema, na maswali yao yaliongezeka. Sekunde tatu ni fupi katika saa, lakini mbele ya darasa lililokaa kimya ni ndefu kama foleni ya bomba. Jaribuni kesho.

Sasa tuje kwenye kukua kwa mwalimu. Wengi wetu tunalifikiria kama jambo la kuletewa: barua ya wizara, semina, posho, cheti. Semina ni njema, na sisi tumo ndani ya moja. Lakini ndugu zetu wa Kenya, katika mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, walifundishana jambo ambalo mwalimu aweza kulifanya shuleni kwake: kupanga somo, kulifundisha, kulitazama, kulitengeneza upya. Huko Japani kwenyewe walimu wana desturi ya siku nyingi ya kuandaa somo moja kwa pamoja. Mmoja hulifundisha, wengine hukaa darasani wakiwatazama wanafunzi, kisha hukutana kulizungumza somo.

Tuliijaribu desturi hiyo. Tulikuwa walimu watatu, na zamu ya kwanza ya kufundisha ilikuwa yetu. Tukakubaliana mapema kwamba anayetazama asiandike neno lolote juu ya mwalimu. Aandike wanafunzi wanafanya nini. Somo lilikuwa la densiti: yai huzama katika maji matamu, na likitiwa katika maji yenye chumvi nyingi huelea. Darasa lilichangamka, mikono ikainuka, nasi tukatoka tukijipongeza. Alasiri tukakaa chini ya mti, na mwenzetu mmoja, ambaye ni mtu mpole, akasoma alichoandika. Katika vikundi vitatu vya nyuma wasichana hawakuligusa yai hata mara moja. Wavulana walishika yai, wavulana walitia chumvi, wasichana waliandika. Mikono yote tuliyoiona ikiinuka ilitoka safu mbili za mbele.

Tulikuwa tumefundisha somo lile kwa miaka kumi na moja.

Hatutaficha kwamba usiku ule tuliona uchungu, na tulitafuta visingizio: madawati ni mazito, darasa lina watoto sabini, mayai ni ghali. Vyote ni kweli. Wiki iliyofuata mwenzetu akalifundisha somo lile lile katika mkondo mwingine, tukiwa tumelibadilisha jambo moja: kila kikundi kilikuwa na watoto wanne, na kila mtoto alipewa kazi yake, na kazi hizo zikazunguka. Mayai yalipungua mawili yaliyovunjika. Lakini msichana mmoja wa nyuma aliuliza kama maji ya chumvi yakiachwa mpaka kesho, yai litaendelea kuelea au litazama. Hakuna kati yetu watatu aliyekuwa na hakika. Tukaliacha yai katika mtungi juu ya kabati.

Mtatuuliza wakati wa kufanya haya tutautoa wapi, ilhali muhtasari ni mrefu na mtihani hauna huruma. Hatuna jibu la kuwatosheleza wote. Sisi tulianza na somo moja kwa mwezi, na daftari moja lililofungwa kwa kamba kando ya ubao, ambamo maswali yasiyo na jibu huandikwa pamoja na tarehe. Ijumaa swali moja huchaguliwa. Mengine hukaa humo mpaka leo.

Sanduku na mishumaa mitatu viko hapa mezani. Tunaomba madirisha yafungwe. Kabla hatujawasha, kila mmoja wenu achukue kipande cha karatasi, aandike jina lake, na aandike jibu la swali hili: tukiuziba mshumaa wa kulia, ni doa lipi litakalotoweka?